Takwimu za afya

Takwimu za afya (huitwa pia biostatistiki) ni tawi la takwimu linaloshughulika na kukusanya, kupanga, kuchanganua na kufafanua data zinazohusu uhai, magonjwa, vifo na huduma za tiba. Hufundishwa kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ukunga na afya ya jamii, kwa sababu maamuzi mengi ya afya ya umma hutegemea namba.

Daktari wa wodini humpima mgonjwa mmoja mmoja. Mtaalamu wa afya ya jamii hushughulika na kijiji, wilaya au taifa zima, na kijiji hakiwezi kuwekewa kipimajoto. Afya ya kijiji hupimwa kwa kuhesabu: wangapi wameugua, kati ya wangapi, wapi, na kwa muda gani. Namba isiyojibu maswali hayo yote huweza kupotosha, hata kama imehesabiwa kwa usahihi.

Makala hii inaeleza misingi ya somo hilo pamoja na chati zinazotumika zaidi. Sehemu kubwa ya mifano imetolewa kwenye kumbukumbu za hospitali moja ya mjini Vienna, Austria, katika karne ya 19, ambako hesabu rahisi ya asilimia ilionyesha sababu ya vifo vya wanawake wengi.

## Mfano wa Vienna

Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia. Katika kliniki ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Akina mama walipokelewa kwa zamu: siku fulani waliingia kliniki ya kwanza, siku nyingine ya pili. Wengi walikufa kwa homa kali iliyowapata siku chache baada ya kujifungua.

Daktari Mhungaria Ignaz Semmelweis (1818–1865), aliyefanya kazi katika kliniki ya kwanza, alipanga kumbukumbu za hospitali katika majedwali kama ifuatavyo:

| Mwaka | Kliniki ya 1: waliojifungua | Waliokufa | Asilimia | Kliniki ya 2: waliojifungua | Waliokufa | Asilimia |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1841 | 3,036 | 237 | 7.8 | 2,442 | 86 | 3.5 |
| 1842 | 3,287 | 518 | 15.8 | 2,659 | 202 | 7.6 |
| 1843 | 3,060 | 274 | 9.0 | 2,739 | 164 | 6.0 |
| 1844 | 3,157 | 260 | 8.2 | 2,956 | 68 | 2.3 |
| 1845 | 3,492 | 241 | 6.9 | 3,241 | 66 | 2.0 |
| 1846 | 4,010 | 459 | 11.4 | 3,754 | 105 | 2.8 |
| Jumla | 20,042 | 1,989 | 9.9 | 17,791 | 691 | 3.9 |

Wakati huo wengi waliamini kwamba homa hiyo ililetwa na hewa chafu ya mji. Lakini kliniki zote mbili zilikuwa katika hospitali moja, chini ya anga moja. Kama sababu ingekuwa hewa ya mji, vifo vingelingana. Tofauti iliyobaki ilikuwa ya wahudumu: madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi, ilhali wakunga hawakupasua maiti.

Katikati ya Mei 1847 Semmelweis aliagiza kila anayeingia kliniki ya kwanza anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili 1847 walikuwa wamekufa akina mama 57 kati ya 312 (asilimia 18.3). Mwezi wa Juni walikufa 6 kati ya 268 (asilimia 2.2), na Julai 3 kati ya 250 (asilimia 1.2). Kwa mwaka mzima wa 1848 walikufa 45 kati ya 3,556, yaani asilimia 1.3.

Hata hivyo Semmelweis alichelewa kuchapisha kazi yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, na madaktari wengi wa wakati wake hawakukubali maelezo yake.

## Historia kwa ufupi

Mwanzo wa takwimu za afya mara nyingi huhusishwa na Mwingereza John Graunt, ambaye mwaka 1662 alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo vya London. Alionyesha kwamba orodha zilizoandikwa kwa ajili ya taarifa za kila wiki zinaweza kufunua mpangilio wa magonjwa na vifo.

Mskoti William Playfair (1759–1823) ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa chati nyingi zinazotumika leo. Mwaka 1786 alichapisha grafu za mistari na mihimili, na mwaka 1801 grafu ya duara.

Uingereza ya karne ya 19 ilitoa watu watatu wanaokumbukwa sana katika fani hii. William Farr (1807–1883) alisimamia uchambuzi wa takwimu za vifo katika ofisi ya usajili ya serikali. Daktari John Snow (1813–1858) alichunguza kipindupindu cha London na kuonyesha kwamba kilienea kwa maji. Muuguzi Florence Nightingale (1820–1910), aliyehudumia askari katika Vita vya Krimea, alichora mwaka 1858 mchoro wa mviringo ulioonyesha kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa magonjwa yanayozuilika kuliko kwa majeraha ya vita.

## Kiasi na asili

Msingi wa kwanza wa takwimu za afya ni sehemu ya hesabu inayofundishwa shule ya msingi. Sehemu ina namba ya juu, yaani *kiasi*, na namba ya chini, yaani *asili*. Katika afya, kiasi ni idadi ya matukio, kama vile wagonjwa au vifo. Asili ni idadi ya watu ambao tukio hilo lingeweza kuwapata. Idadi ya matukio peke yake haitoshi kulinganisha mahali na mahali.

Mfano mzuri ni kazi ya Snow ya mwaka 1854. Mitaa ya kusini mwa London ilipata maji kutoka kampuni mbili. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota maji ya mto Thames mahali palipochafuliwa na maji taka ya jiji. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia machoteo yake juu ya mto, kabla ya uchafu huo. Snow alihesabu vifo vya kipindupindu pamoja na nyumba zilizohudumiwa:

* Southwark and Vauxhall: vifo 1,263 katika nyumba 40,046, sawa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000.
* Lambeth: vifo 98 katika nyumba 26,107, sawa na takriban vifo 38 kwa kila nyumba 10,000.

Bila hesabu ya nyumba, mtu angeweza kusema kwamba kampuni ya kwanza ilikuwa na vifo vingi kwa sababu ilikuwa na wateja wengi. Asili ndiyo iliyoondoa hoja hiyo.

Vipimo vinavyotokana na kiasi na asili ni vya namna tatu:

* Asilimia au sehemu ya jumla. Kiasi kimo ndani ya asili. Akina mama 1,989 waliokufa katika kliniki ya kwanza ya Vienna wamo ndani ya 20,042 waliojifungua.
* Uwiano. Namba mbili hulinganishwa bila moja kuwa ndani ya nyingine, kwa mfano idadi ya wavulana kwa wasichana waliozaliwa, au idadi ya wananchi kwa kila daktari mmoja.
* Kiwango. Matukio huhesabiwa kwa idadi ya watu na kwa muda maalumu, kwa mfano wagonjwa wapya kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.

Viashiria vingine vina asili zilizokubaliwa kimataifa. Vifo vya watoto wachanga wasiofikia mwaka mmoja huhesabiwa kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Vifo vya akina mama vinavyotokana na ujauzito na uzazi, hadi siku 42 baada ya ujauzito kwisha, huhesabiwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

### Wagonjwa wapya na wagonjwa wote

Wanafunzi wengi huchanganya vipimo viwili vya ugonjwa. *Kiwango cha wagonjwa wapya* huonyesha wangapi wameanza kuugua katika muda fulani. *Kiwango cha wagonjwa wote* huonyesha wangapi wanao ugonjwa kwa wakati fulani, wawe wapya au wa zamani. Wagonjwa wapya ni kama maji yanayoingia kwenye pipa. Wagonjwa wote ni kina cha maji yaliyomo. Kina hupungua watu wanapopona au kufa.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huwawezesha watu wenye VVU kuishi muda mrefu. Kwa hiyo asilimia ya watu wanaoishi na VVU inaweza kubaki palepale au hata kupanda wakati maambukizi mapya yanapungua. Anayetazama wagonjwa wote peke yake atadhani kwamba huduma imeshindwa, kumbe watu wameacha kufa.

### Kulinganisha makundi mawili

Hatari ya kufa katika kliniki ya kwanza ya Vienna ilikuwa asilimia 9.9 na katika ya pili asilimia 3.9. Kulinganisha kwa kugawanya hutoa *hatari linganishi*: 9.9 ÷ 3.9 ni takriban mara 2.5. Kulinganisha kwa kutoa hutoa *tofauti ya hatari*: 9.9 − 3.9 = 6.0, yaani akina mama 6 zaidi walikufa katika kila 100. Namba ya kwanza husaidia kutafuta sababu ya ugonjwa. Ya pili huonyesha watu wangapi wangeweza kuokolewa. Ripoti nzuri hutoa zote mbili, maana "mara mbili zaidi" ya kitu adimu sana bado ni kitu adimu.

### Umri wa watu

Nchi mbili zisilinganishwe kwa vifo vya jumla bila kuangalia umri wa wananchi. Japani ina vifo vingi kwa kila watu 1,000 kuliko Tanzania, si kwa sababu Wajapani wana afya mbaya bali kwa sababu wazee ni wengi kati yao, ilhali takriban nusu ya Watanzania ni watoto na vijana wasiozidi miaka 18. Ili kulinganisha kwa haki, vifo huhesabiwa kwa kila rika peke yake au hurekebishwa kwa umri.

## Aina za data

Kabla ya kuchagua hesabu au chati, ni lazima kujua aina ya data iliyopo. Kitu kinachopimwa na ambacho hutofautiana kutoka mtu mmoja hadi mwingine huitwa *kigeu*.

* Data za majina: makundi yasiyo na mpangilio, kama jinsia, kundi la damu au wilaya.
* Data za daraja: makundi yenye mpangilio, kama maumivu kidogo, ya wastani na makali. Haijulikani kama umbali kati ya daraja na daraja ni sawa.
* Data za kuhesabu: namba nzima, kama idadi ya watoto katika kaya.
* Data za kupima: namba zinazoweza kuwa na desimali, kama uzito, urefu au shinikizo la damu.

Data za majina huelezwa kwa idadi na asilimia. Hakuna wastani wa kundi la damu, hata kama kompyuta imeandika A kuwa 1 na B kuwa 2 na inakubali kuzijumlisha.

## Thamani ya kati na mtawanyiko

Thamani ya kati hueleza kundi zima kwa namba moja. *Wastani* hupatikana kwa kujumlisha thamani zote na kugawanya kwa idadi yake. *Mediani* ni thamani iliyo katikati baada ya kupanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa. *Modi* ni thamani inayojirudia mara nyingi zaidi.

Vifo vya kliniki ya kwanza ya Vienna vikipangwa kwa ukubwa ni 237, 241, 260, 274, 459 na 518. Wastani ni 1,989 ÷ 6 = 331.5. Mediani ni nusu ya jumla ya 260 na 274, yaani 267. Wastani umevutwa juu na miaka miwili mibaya, 1842 na 1846. Katika miaka minne kati ya sita vifo vilikuwa chini ya wastani. Ndiyo maana siku za kulazwa hospitalini, gharama za matibabu na kipato cha kaya hufafanuliwa vizuri zaidi kwa mediani: watu wachache wenye thamani kubwa sana huharibu wastani.

Thamani ya kati haitoshi bila mtawanyiko. *Upeo* ni tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo kabisa; hapa ni 518 − 237 = 281. *Mkengeuko sanifu* hueleza thamani zimesambaa kwa kiasi gani kutoka kwenye wastani. Hatua za kuutafuta ni hizi:

1. Toa wastani kutoka kila thamani.
2. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha majibu.
3. Gawanya jumla hiyo kwa idadi ya thamani ukiondoa moja.
4. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Kwa kliniki ya kwanza jibu ni takriban 124. Kwa kliniki ya pili ni takriban 56.

### Mtawanyo wa kawaida na kadi ya mtoto

Vipimo vingi vya mwili, kama urefu wa watu wa rika moja, hufuata umbo la kengele: wengi wako karibu na wastani, na wachache wako mbali pande zote mbili. Katika mtawanyo huo takriban asilimia 68 ya watu wako ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kutoka wastani, na asilimia 95 ndani ya miwili.

Hesabu hii imo katika kadi ya kliniki ya kila mtoto. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji vilivyotokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norwei na Omani. Watoto hao waliishi katika mazingira mazuri ya afya na walinyonyeshwa maziwa ya mama. Mtoto ambaye urefu wake kwa umri uko chini ya mikengeuko sanifu miwili kutoka mediani ya viwango hivyo huhesabiwa kuwa amedumaa. Akiwa chini ya mitatu, udumavu wake ni mkali.

Katika kundi la watoto waliolishwa vizuri, takriban asilimia 2.3 tu huangukia chini ya mstari huo, kwa kuwa hata kati ya wenye afya wapo wafupi. Nchini Tanzania waliokuwa chini ya mstari walikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015–16 na asilimia 30 mwaka 2022. Nchini Kenya walikuwa asilimia 26 mwaka 2014 na asilimia 18 mwaka 2022. Umbali kati ya namba hizo na asilimia 2.3 hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba watoto hao ni wafupi kwa kuzaliwa.

## Chati

Chati huchorwa ili jicho lione haraka kile ambacho jedwali lingechukua muda kukieleza. Kila chati inapaswa kuwa na kichwa kinachotaja nini, nani, wapi na lini. Vipimo kwenye mistari yake. Na asili ya asilimia zake.

Grafu ya mihimili hulinganisha makundi. Mihimili huachiwa nafasi kati yake kwa sababu makundi hayaungani. Kwa data za Vienna, kila mwaka ungekuwa na mihimili miwili iliyo bega kwa bega, mmoja wa kila kliniki. Kinachochorwa kiwe asilimia, si idadi ya vifo, kwa kuwa kliniki hazikuwa na idadi sawa ya wazazi. Mstari wa wima lazima uanzie sifuri. Ukianzia mahali pengine, tofauti ndogo huonekana kubwa mno.

Histogramu hufanana na grafu ya mihimili, lakini hutumika kwa data za kupima. Mihimili yake hugusana, kwa sababu uzito wa kilo 2.5 unaendelea moja kwa moja baada ya kilo 2.4. Huonyesha umbo la mtawanyo: kama ni kengele, kama umeegemea upande mmoja, au kama una vilele viwili.

Grafu ya mstari huonyesha mabadiliko ya kitu kimoja kwa muda. Vifo vya Vienna vya mwezi kwa mwezi mwaka 1847 vikichorwa hivi, mstari huporomoka baada ya Mei. Nukta za makundi ya majina, kama wilaya, zisiunganishwe kwa mstari, kwa sababu hakuna kitu kinachosafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Grafu ya duara hugawa kitu kizima katika vipande vinavyofikia asilimia 100. Inafaa vipande vikiwa vichache. Matumizi yake mabaya ni rahisi. Duara la vifo vyote 2,680 vya Vienna lingeonyesha kwamba asilimia 74 vilitokea kliniki ya kwanza. Hilo ni kweli, lakini duara halisemi kwamba kliniki hiyo ilipokea asilimia 53 ya wazazi wote. Asilimia 9.9 na 3.9 nazo haziwezi kuwekwa katika duara moja, kwa sababu si vipande vya kitu kimoja.

Grafu ya nukta huonyesha uhusiano wa vigeu viwili vya kupima, kama umri na shinikizo la damu. Kila mtu huwakilishwa na nukta moja.

Mchoro wa mlipuko ni histogramu ya wagonjwa kwa tarehe waliyoanza kuugua. Mlipuko kutoka chanzo kimoja, kama chakula cha harusi, hupanda ghafla na kushuka. Ugonjwa unaoambukiza kutoka mtu hadi mtu hutoa mawimbi yanayofuatana. Tarehe inayotumika ni ya dalili za kwanza; tarehe ya kufika zahanati huchelewesha na kuharibu umbo la mchoro.

Ramani ya wagonjwa huonyesha mahali. Katika ramani ya Snow ya mtaa wa Soho, kila kifo cha kipindupindu kiliwekewa alama, na alama zilisongamana kuzunguka pampu ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Wakati huo mlipuko ulikuwa tayari umeanza kupungua, kwa hiyo ushahidi mkubwa wa Snow ni ramani pamoja na hesabu za nyumba, si kushuka kwa wagonjwa baada ya siku hiyo.

## Sampuli na uhakika

Ni nadra kumpima kila mtu. Kwa kawaida huchaguliwa *sampuli*, yaani sehemu ndogo ya watu inayowakilisha wote. Sampuli bora ni ile ambayo kila mtu amepata nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kama kwa kura. Ukubwa hautibu uchaguzi mbaya: kuwapima wagonjwa 5,000 waliofika hospitalini hakuelezi afya ya wale walioshindwa nauli ya kufika.

Hata sampuli nzuri hukosea kidogo kwa bahati. Kwa hiyo matokeo hutolewa pamoja na *wigo wa uhakika* wa asilimia 95. Maana yake ni kwamba kama utafiti ungerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, takriban mara 95 kati ya 100 wigo unaopatikana ungekuwa umeizunguka thamani halisi.

Tafiti za kitaifa za Tanzania zinatoa somo zuri. Mwaka 2010 vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 454 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na mwaka 2015–16 kuwa 556. Anayesoma namba hizo mbili peke yake atasema vifo viliongezeka kwa 102. Lakini wigo wa kwanza ulikuwa kuanzia 353 hadi 556, na wa pili kuanzia 446 hadi 666. Wigo hizo zinapandana sehemu kubwa, kwa hiyo data hazikutosha kuthibitisha ongezeko. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104, namba iliyo mbali na wigo wa mwaka 2015–16. Vifo vya uzazi huyumba namna hii katika tafiti kwa sababu, kwa bahati njema, ni matukio machache: hata utafiti wa maelfu ya kaya hukutana na vifo vichache tu.

*Thamani ya p* hujibu swali linalokaribiana na hilo: kama kwa kweli hakuna tofauti kati ya makundi, ni kwa nadra kiasi gani bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama iliyoonekana au zaidi? Kwa desturi, thamani iliyo chini ya 0.05 huchukuliwa kuwa ushahidi dhidi ya bahati. Haisemi kama tofauti ni kubwa, wala kama ina maana kwa mgonjwa.

## Makosa ya kawaida

* Kusahau asili. "Wilaya yetu ina wagonjwa wengi wa malaria" huenda ina maana tu kwamba ina watu wengi, au zahanati nyingi zinazopima.
* Asili iliyopitwa na wakati. Watoto wanaotarajiwa kuchanjwa hukadiriwa kutokana na sensa. Watu wakihamia eneo fulani baada ya sensa, kiwango cha chanjo kinaweza kuzidi asilimia 100. Ripoti itapongezwa wakati wapo watoto ambao hawajachanjwa.
* Kuchukua uhusiano kuwa chanzo. Vitu viwili vinaweza kupanda pamoja kwa sababu ya kitu cha tatu. Nguvu ya hoja ya Vienna ilikuwa kwamba mazingira mengi yalifanana, na vifo vilishuka baada ya kitu kimoja kubadilishwa.
* Kutafuta wastani wa asilimia. Asilimia za vituo vyenye idadi tofauti za watu zisijumlishwe na kugawanywa. Jumlisha kwanza viasi vyote na asili zote, ndipo ugawanye.
* Kudhani kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Kifo cha nyumbani kisichosajiliwa hakimo katika chati yoyote.

## Afrika Mashariki

Nchini Tanzania data za kila siku za vituo vya afya hukusanywa kupitia mfumo wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Muuguzi wa zahanati huandika kila mgonjwa katika vitabu vya rejesta, na mwisho wa mwezi hujumlisha kwa makundi ya umri na magonjwa. Jumla hizo hupelekwa wilayani na kuingizwa katika kompyuta. Asili ya viwango hutokana na sensa: ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296.

Kituo kinaweza kutumia data zake bila kusubiri ripoti ya taifa. Grafu ya mstari ya wagonjwa wa kuhara kwa kila wiki, iliyochorwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, huonyesha mlipuko unapoanza. Sharti lake ni moja: rejesta ijazwe wakati mgonjwa angali mbele ya mhudumu, maana safu iliyojazwa kwa kukisia mwisho wa mwezi huwa kosa katika kila chati inayofuata, kuanzia zahanati hadi wizarani.